Mwaka Mmoja Japani: Bahasha Huja Baadaye

Machi inaishia. Hapa Japani mwaka wa serikali na wa masomo unafungwa tarehe 31, na mpya unaanza tarehe 1 Aprili, kwa hiyo hata asiyetaka kufanya hesabu anajikuta akizifanya. Nikiutazama mwaka huu wote naona jambo moja limejirudia kila msimu: Japani haikubani siku ile unapokosea. Ukiacha fomu bila kujaza, ukilaza godoro sakafuni Juni nzima, ukiandika jina lako hivi benki na vile kwa kampuni ya simu, hakuna wa kukugombeza. Siku zinakwenda vizuri tu. Baada ya miezi sita au kumi ndipo inapokuja bahasha, au kuvu nyeusi ukutani, au ombi linakataliwa. Wengi wanaotoka kwetu Afrika Mashariki husema mwaka wa kwanza ulikuwa mwepesi na wa pili ukawaelemea. Ukichunguza, mzigo wa mwaka wa pili karibu wote ulipakiwa katika ule wa kwanza. Ndiyo maana naandika haya sasa, wakati kuna watu wanafunga mizigo kuja kuanza Aprili.

Jina ndilo linaloharibika mapema kuliko yote. Kadi ya ukaazi huandikwa kwa herufi za Kilatini kama pasipoti ilivyo, majina yote matatu au manne. Lakini benki, kampuni ya simu na hospitali hutaka pia jina kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia maneno ya kigeni, na hapo kila karani huandika anavyosikia. Mwanaidi anaweza kuwa ムワナイディ dirisha hili na ムアナイディ dirisha lile. Mifumo hulinganisha herufi kwa herufi. Zikipishana, malipo ya kila mwezi hukataliwa au mshahara hurudi kwa mwajiri, na kulinyoosha jambo hilo ni kazi ya wiki kadhaa. Amua mwenyewe siku ya kwanza katakana ya jina lako lote na mpangilio wake, ihifadhi kwenye simu, kisha nakili hiyo hiyo kila unapoulizwa. Hata nafasi kati ya jina na jina ina uzito.

Ndani ya siku 14 tangu uingie kwenye makazi yako, kadi lazima ifike ofisi ya manispaa ili anwani iandikwe nyuma yake. Hilo wengi hulifanya. Yanayosahaulika ni madirisha ya jirani yake. Bima ya afya ya taifa hulipa asilimia 70 ya matibabu, wewe unalipa 30, na ada yake hukokotolewa kutokana na kipato chako cha mwaka uliotangulia ndani ya Japani. Mgeni hana kipato hicho, kwa hiyo ada ya mwanzo ni ndogo sana, naye huizoea kana kwamba ndiyo bei yake ya kudumu. Pensheni ya taifa nayo inamhusu kila mkazi wa miaka 20 hadi 59, mwanafunzi akiwemo. Kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa yeni 17,510 kwa mwezi. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha, na mwanafunzi wa chuo kinachotambuliwa anaweza kuomba kuahirishiwa malipo, lakini ombi la mwanafunzi ni la mwaka mmoja mmoja. Ikifika Aprili linaombwa upya. Asiyeomba huhesabiwa mdaiwa, hata kama mfukoni hana kitu.

Kisha inakuja Juni na kodi ya ukaazi, ile wanayoiita juminzei. Hutozwa na mji ulikokuwa unaishi tarehe 1 Januari, kwa kipato cha Januari hadi Desemba ya mwaka uliopita, kwa kiwango cha karibu asilimia 10 ya kipato kinachobaki baada ya makato. Anayeanza kazi Aprili hakatwi kodi hiyo mwaka mzima. Juni ya mwaka wa pili mshahara wake unashuka bila yeye kushushwa cheo, na ada ya bima, kama yuko kwenye ile ya taifa, inapanda msimu huo huo. Ushauri wangu ni mmoja: tangu mshahara wa kwanza, weka pembeni sehemu moja ya kumi usiiguse. Asiye na kipato kabisa naye ajaze fomu ya manispaa akisema hana. Ofisi isipoiona fomu hiyo haiwezi kujua kama huna kitu au hujasema, na punguzo la bima halitolewi.

Mwanafunzi anayefanya kibarua ana kikomo cha saa 28 kwa wiki, kwa waajiri wote wakijumlishwa, na wiki hiyo huhesabiwa kuanzia siku yoyote ile. Likizo ndefu za chuo huruhusu hadi saa 8 kwa siku. Anayezidisha anaweza kupita miezi bila kuulizwa. Kipato chake kitajitokeza kwenye cheti cha kodi siku anapoomba kuongezewa muda wa kukaa. Hapo maelezo mazuri hayasaidii sana.

Sasa kuvu, ambayo naipa nafasi kubwa kwa sababu inakula afya na fedha kwa pamoja. Msimu wa mvua huanza Juni sehemu nyingi na kuendelea hadi katikati ya Julai, halafu joto la nyuzi 35 lenye unyevu mwingi linashika mpaka Septemba. Mtu wa Tanga au Mombasa hudhani unyevu anaujua. Tofauti iko kwenye nyumba: chumba ni kidogo, madirisha yanafungwa mchana kutwa watu wakiwa kazini, na nguo zimebanwa kwenye kabati la ndani ya ukuta lisilopitisha hewa. Godoro la futoni likiachwa sakafuni, jasho la usiku hushuka na kukutana na sakafu iliyo baridi kuliko mwili, mvuke unageuka maji chini yake, na baada ya wiki chache upande wa chini umejaa madoa meusi. Mkeka wa tatami nao unachukua harufu isiyotoka.

Dawa yake ni ya kila siku. Ukiamka usilikunje godoro papo hapo. Ligeuze au liegemeze lipoe kwa nusu saa, kisha liinue kutoka sakafuni. Nunua fremu ya vipande vya mbao, sunoko, uliweke juu yake. Siku ya jua lianike barazani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane au tisa, uligeuze katikati. Kabatini weka vile vikopo vya kunyonya unyevu vinavyouzwa kwenye maduka ya yeni 100, viwili chini kwa sababu unyevu hukaa chini, na uvibadilishe maji yakifika mstari. Acha upenyo wa vidole viwili kati ya fanicha na ukuta wa nje. Kwenye rimoti ya kiyoyozi tafuta kitufe cha 除湿 au ドライ, kinachokausha hewa bila kuipoza sana, na usafishe vichujio vyake kila baada ya wiki mbili. Feni ya bafuni iache ikizunguka; umeme inaokula ni mdogo kuliko gharama ya kupaka rangi upya.

Na gharama hiyo ni yako. Mwongozo wa serikali kuhusu kurudisha nyumba unasema uchakavu wa kawaida ni wa mwenye nyumba, lakini kuvu iliyotokana na maji ya ukutani kuachwa bila kufutwa humwangukia mpangaji, na hukatwa kwenye amana. Piga picha kila pembe siku unapokabidhiwa ufunguo, na uzitunze. Kuhusu kuingia kwenyewe nitasema kwa ufupi: kuna amana, kuna fedha ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi, ada ya dalali isiyozidi pango la mwezi mmoja pamoja na kodi ya mauzo, kampuni ya udhamini inayochukua kati ya nusu ya pango na pango zima, na bima ya moto. Uwe na pango la miezi minne au mitano mkononi, au utafute nyumba zinazotangazwa bila amana wala shukrani, ukisoma vizuri masharti ya usafi wakati wa kutoka.

Jikoni, chapati ndiyo inayowasumbua watu kuliko ugali. Dukani unga wa ngano umegawanywa kwa nguvu yake: hakurikiko ni laini, una protini ya asilimia 8 hivi, kyorikiko ni wa mkate, una 12 hivi. Ukitumia laini peke yake, donge linachanika unapolisukuma na chapati inakuwa kama biskuti. Ukitumia wa mkate peke yake, unasukuma nalo linajirudi. Changanya nusu kwa nusu: gramu 200 na gramu 200, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, maji ya moto yasiyounguza mililita 240. Kanda dakika kumi, funika, acha nusu saa, ndipo ukate, upake mafuta na kuviringisha. Zinatoka chapati nane. Angalia pia vipimo: kikombe cha mapishi cha Japani ni mililita 200, lakini kile kinachokuja na jiko la umeme la wali ni 180, na mistari iliyochorwa ndani ya sufuria inafuata hicho kidogo.

Mchele wa kawaida wa hapa unashikana, kwa pilau hauendi. Basmati na bizari hupatikana kwenye maduka ya halali ya Shin-Okubo, Tokyo, na unga mweupe wa mahindi uulizie huko huko au uagize mtandaoni. Pakiti yenye maandishi コーンスターチ ni wanga mtupu na itakupa gundi, hata ukiisonga vipi. Komatsuna, mboga ya majani ya hapa, inakaa vizuri mahali pa sukuma wiki, ikikatwa nyembamba na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya. Kwa Mwislamu, kutafuta 豚 (nguruwe) na 酒 (pombe) kwenye pakiti hakutoshi: mirin ni kilevi cha kupikia na imo kwenye michuzi mingi, na ゼラチン (jelatini), ショートニング (mafuta magumu ya kuokea) na 乳化剤 (kiunganishi cha mafuta na maji) vinaweza kutoka kwa mnyama, hata kwenye mkate. Misikiti husaidia sana katika hili, kama ule wa Yoyogi-Uehara mjini Tokyo na ule wa Kobe, uliopo tangu 1935.

Usibebe birika wala pasi kutoka nyumbani. Umeme wa hapa ni volti 100, na kifaa cha joto cha volti 230 kitatoa karibu moja ya tano tu ya nguvu yake. Chaja za simu na kompyuta hazina shida, adapta ya pini mbili bapa inatosha. Ukinunua maikrowevu iliyotumika, soma mgongoni: mashariki umeme ni hezi 50, magharibi 60, mpaka ukiwa Mto Fuji, na mashine za zamani nyingine zinafanya kazi upande mmoja tu. Baridi ikiingia, nyumba nyingi nje ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, ni baridi ndani kuliko mgeni anavyotarajia. Ukiwasha kiyoyozi, birika na maikrowevu pamoja kwenye mkataba wa ampea 20, swichi kuu inakata. Hita ya mafuta ya taa inapasha haraka, lakini soma kwanza mkataba, nyumba nyingi zinaikataza. Ikiruhusiwa, fungua dirisha kidogo kila saa, na mafuta ya msimu uliopita usiyatumie tena.

Tetemeko likipita gesi ikakatika, usikimbilie kupiga simu. Mita hujifunga yenyewe kwenye mtikisiko wa kiwango cha 5 hivi kwa kipimo cha Japani chenye kikomo cha 7. Nusa kwanza, ukisikia harufu ya gesi, toka nje na uite kampuni. Kama hakuna harufu, funga majiko na hita zote, nenda kwenye mita, fungua kifuniko cha kitufe cha kurejesha, kibonyeze mpaka mwisho kisha uachie. Taa itawaka na kuanza kumetameta. Subiri dakika tatu bila kugusa chochote, maana mita inapima kama kuna mahali panapovuja. Kifaa kimoja kikiwa wazi, inajifunga tena. Kuhusu maji, weka lita 3 kwa mtu kwa siku, za siku tatu angalau.

Kuna raha moja ndogo kwa anayepigia simu Tanzania, Kenya au Uganda. Tofauti ni saa sita kamili, hivyo saa ya ukutani ya Japani inasoma saa ya Kiswahili ya nyumbani bila hesabu yoyote: mshale ukiwa kwenye 3 alasiri hapa, kule ni saa tatu asubuhi; ukiwa kwenye 9 usiku, kule ni saa tisa alasiri. Kwa Bujumbura, Kigali na Goma toa saa moja zaidi.

Anayebaki aombe kuongezewa muda mapema. Dirisha hufunguliwa miezi mitatu kabla kadi haijaisha. Anayekwenda likizo aweke alama, kwenye kadi ya kutokea uwanjani, kwamba atarudi ndani ya mwaka mmoja, vinginevyo hadhi yake ya ukaazi inakwisha anapoondoka. Na anayerudi kabisa akumbuke mambo mawili. Akiondoka baada ya tarehe 1 Januari, kodi ya ukaazi ya Juni bado ni yake, kwa hiyo alipe kabla au amwandikishe mtu wa kumlipia. Kama amelipa pensheni kwa miezi sita au zaidi, anaweza kudai malipo ya mkupuo akiwa nyumbani, ndani ya miaka miwili. Kwa pensheni ya waajiriwa hukatwa kodi ya asilimia 20.42, na mwakilishi wa kodi aliyemwacha Japani anaweza kuidai irudishwe. Fomu ya kumteua mwakilishi huyo ipelekwe ofisi ya kodi kabla ya kupanda ndege.