Nyuma ya ukurasa

Leo asubuhi mwanangu kafungua maka peni, kainusa, kasema inanukia hospitali. Mimi ilinipeleka moja kwa moja kwenye kitabu cha baba. Ni kile kisicho na jalada, ambacho kaka anadai nilijirithisha.

Siku zile nilikuwa nimesoma habari za Tom Phillips, msanii Mwingereza aliyenunua riwaya kuukuu ya mwaka 1892, na kuanzia 1966 akawa anaipaka rangi ukurasa kwa ukurasa, akiacha maneno machache yachungulie, yawe shairi. Kazi ile aliirudiarudia miaka 50. Mimi nilitaka jioni moja. Na yeye angalau kitabu alinunua.

Nilikifungua kitabu cha baba katikati. Juu kabisa nikaona "usiku", chini yake "mlango". Hapo ndipo ngeli ikanikaba. Kiswahili hakikuachii uokote neno lolote. Mlango unadai kitenzi cha u-, na ukurasa mzima watu walikuwa wakifanya mambo yao kwa a- na wa-. Nikashuka na penseli, mstari baada ya mstari, hadi nikamkuta mke anamfokea mumewe: "Ulijua tangu mwanzo!" Nikamnyang'anya mume ile "ulijua", nikaupa mlango. Karibu na mwisho wa ukurasa: "jina langu".

Usiku mlango ulijua jina langu.

Nilisisimka, nikiri tu. Nikayazungushia maneno yangu duara, kisha nikaanza kuyazima mengine yote. Maka peni ilikuwa inalia kwi, kwi, karatasi inalowa na kujikunja kama jani juani.

Wino ulipokauka nikageuza.

Upande wa pili, pambizoni, kulikuwa na mwandiko wa penseli. Wa baba, ambaye alikuwa akitugombeza kwa kukunja tu kona ya ukurasa. Wino ulikuwa umepenya na kuumeza. Niliinua karatasi kwenye taa, nikaiinamisha huku na huku. Yaliyosalia ni "mwambie", na herufi S. Nyumbani kwetu wenye S tuko watatu.

Kaka sijamwambia mpaka leo. Na shairi bado nalipenda, ndiyo shida yenyewe.

Mtoto naye ameomba ukurasa wa kupaka. Nimempa gazeti la jana, lakini kwanza nimeligeuza nikaangalia nyuma.