Amelala Juu ya Mto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita nilikaa na watoto wa shule ya Jumapili. Mvulana mmoja wa miaka tisa alipewa asome Marko 4:35 hadi 41. Alisoma vizuri, kidole kikifuata maandishi, mpaka akafika mstari wa 38: "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Akanyamaza. Akainua uso akaniuliza, "Mwalimu, alilalaje juu ya mto asizame?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona njia aliyopita. Wiki chache nyuma tulikuwa tumesoma habari ya Yesu kutembea juu ya bahari. Aliyetembea juu ya maji atashindwaje kulala juu yake? Mto wa maji na mto wa kulalia ni neno lilelile, na mtoto alichagua ule unaolingana na Yesu anayemjua.

Tukarudi nyuma pamoja. Neno "shetri" hakuna aliyelijua, nikawaeleza kuwa ni sehemu ya nyuma ya chombo. Basi Yesu yuko ndani ya mashua. Tukapanda hadi mstari wa 35: ilikuwa jioni. Tukapanda zaidi hadi mwanzo wa sura: siku hiyo alikuwa amefundisha umati mkubwa mno, hata ikabidi aketi chomboni huku watu wako pwani. Na mstari wa 36 unasema walimchukua "vile vile kama alivyo". Mtoto akaangalia kitabu kwa muda, kisha akasema taratibu, "Kumbe alikuwa amechoka."

Maneno hayo nimetembea nayo wiki nzima. Kosa lake lilikuwa kosa letu sisi wakubwa. Mahali ambapo Marko anatuonyesha mtu aliyechoka hata dhoruba isimwamshe, yeye aliona muujiza. Na dawa haikuwa mbali, ilikuwa maneno machache nyuma ya lile lililomkwaza.

Wengi wetu tumekulia kwenye mihadhara ya uwanjani. Spika mbili, meza yenye vitabu, ndugu zetu Waislamu upande huu na sisi upande huu, na swali ni lilelile: Yesu ni Mungu au ni mtu? Miaka ya nyuma nilikuwa na daftari lenye mistari niliyoipanga kwa namba. Mpinzani akitoa mmoja, natoa mmoja. Nilijua kujibu haraka, na watu walinipigia makofi. Lakini leo nikijiuliza ni mara ngapi nilisimulia habari ambayo mstari umetolewa humo, jibu linaniuma.

Chukueni Hesabu 23:19, mstari unaosomwa karibu kila mhadhara: "Mungu si mtu, aseme uongo; wala si mwanadamu, ajute." Ukiukata hapo katikati, unabaki na "Mungu si mtu", na mjadala unaonekana umekwisha. Lakini nani anasema, na anamwambia nani? Ni Balaamu akimwambia Balaki, mfalme wa Moabu. Balaki amemwita aje awalaani Israeli. Wamejenga madhabahu saba, wametoa ng'ombe na kondoo, na badala ya laana imetoka baraka. Balaki hakukubali. Akamchukua Balaamu mahali pengine, juu ya Pisga, akajenga madhabahu saba nyingine, akitumaini kwamba kutokea huko Mungu atasema neno jingine. Ni kama mgonjwa anayehama mganga hadi mganga akimtafuta atakayemwambia anachotaka kusikia. Hapo ndipo Balaamu anamjibu: Mungu si kama wanadamu unaowajua wewe, wa kusema leo na kukana kesho. "Iwapo amesema, hatalitenda?"

Habari ni uaminifu wa Mungu kwa neno lake. Swali la kama Mungu aweza kutwaa mwili halikuwapo kilimani pale. Na mimi naona mstari huu unatuongoza kwenye hori la Bethlehemu, maana Mariamu alipoimba katika Luka 1 alisema Mungu amefanya hayo kama alivyowaambia baba zetu, Ibrahimu na uzao wake. Alisema, akatenda.

Basi nisiwaseme wengine tu. Sisi nasi tunakata. Katika Yohana 8:40 Yesu anasema, "Bali sasa mnatafuta kuniua mimi, mtu ambaye nimewaambia iliyo kweli." Tukisomewa huo, tunakimbilia 8:58: "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko." Tunautaja kama mtu anayefunika karata kwa karata. Lakini hayo ni mazungumzo mamoja, siku moja, ndani ya hekalu. Wanaozungumza naye wamejisifu kwamba baba yao ni Ibrahimu, naye anawajibu kuwa mwana wa Ibrahimu hatafuti kumuua mtu kwa sababu ya kweli. Neno "mtu" lina uzito wake pale: anayewindwa ni mtu wa nyama na damu, anayeweza kufa. Baada ya "mimi niko", mstari wa 59 unasema wakaokota mawe, naye akajificha, akatoka hekaluni. Someni sura nzima na mtaona kwamba Yohana hakumgawa Yesu. Huyo aliyekuwako kabla ya Ibrahimu ndiye huyo aliyehitaji kujificha asipigwe mawe. Ukitumia mstari wa 58 kuufuta wa 40, umeharibu ushuhuda wa Yohana, ingawa unadhani umeutetea.

Hizi namba tunazopigania, Yohana hakuziandika. Mistari ya Agano Jipya tunayoifuata ilitiwa namba na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kufungua mahali pamoja kwa haraka. Ila barua na Injili zilisomwa mbele ya makanisa kwa kuendelea, kama tunavyosoma barua itokayo nyumbani, na hakuna asomaye mstari wa tatu wa barua ya mama yake akaiweka chini.

Na kama ni barua, twendeni kwa Timotheo. "Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu" (1 Timotheo 2:5). Huu nao uko kwenye kila daftari, langu likiwamo. Upande mmoja wanausoma kuonyesha kwamba Paulo alimjua Yesu kuwa mwanadamu tu. Upande wetu tunaona aibu kidogo, tunapita haraka. Lakini angalieni Paulo anazungumza nini. Sura inaanza kwa kuagiza maombi kwa ajili ya watu wote, hata wafalme na wote wenye mamlaka. Waumini wale waliishi chini ya watawala ambao hawakumjua Mungu wao. Kwa nini niwaombee hao? Kwa sababu, anasema katika mstari wa 4, Mungu anataka watu wote waokolewe. Na tunajuaje? Kwa sababu mpatanishi ni mwanadamu. Hakutwaa ukoo mmoja wala kabila moja kwa faida ya hilo tu. Alitwaa ubinadamu, ambao mfalme anao na mtumwa anao. Mstari wa 6 unafunga: alijitoa kuwa ukombozi kwa ajili ya wote.

Nilipouona mfululizo huo kwa mara ya kwanza nililazimika kufunga Biblia. Neno ambalo nililitumia miaka mingi kushindana na jirani yangu liliandikwa ili nimwombee jirani yangu.

Kuna jibu tulilolizoea: hapa Yesu alisema kama mtu, pale alisema kama Mungu. Nalielewa, na kuna haki ndani yake. Lakini tukilitumia ovyo tunajikuta na Kristo wawili wanaopokezana zamu. Wazee wa Kanisa waliokutana Kalkedoni mwaka 451 walikiri asili mbili, na papo hapo wakakiri kwamba hazigawanyiki wala hazitenganishwi, maana ni Bwana mmoja. Na kabla yao, mtume aliyeandika 1 Yohana 4:2 aliweka kipimo cha kuijua roho itokayo kwa Mungu: ikiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Walikuwapo tayari watu walioona mwili ni jambo dogo mno kwa Mwana wa Mungu. Mwamini anayeona aibu Yesu akisemwa kuwa mtu amesogea upande wao bila kujua.

Mstari wa mwisho kwa leo ndio unaotutisha kuliko yote, Marko 13:32: siku ile na saa ile hakuna aijuaye, "wala Mwana". Nimewasikia wahubiri wakiuzunguka kwa maelezo marefu. Mimi nawaomba tukae nao katika sura yake. Yesu ameketi mlima wa Mizeituni, akiwatazama wanafunzi wanne waliomuuliza habari za hekalu: Petro, Yakobo, Yohana na Andrea. Neno analolirudia mwishoni ni moja, kesheni. Hamjui bwana wa nyumba atakuja lini, kama ni jioni, au usiku wa manane, au awikapo jimbi, au asubuhi. Mwana anajiweka pamoja nao katika kungoja. Baba anajua, nami nangoja pamoja nanyi.

Kisha fungueni ukurasa. Sura ya 14, usiku, mlima uleule, shambani Gethsemane. Amewachukua watatu kati ya wale wanne, akawaambia tena neno lile, kesheni. Akaendelea mbele kidogo, akaanguka kifulifuli. Aliporudi aliwakuta wamelala. "Simoni, je! Umelala? Hukuweza kukesha saa moja?"

Kule baharini wao walikuwa macho kwa hofu, yeye amelala kwa uchovu, nao wakamwamsha kwa lawama: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Huku shambani wao wamelala, yeye yuko macho, na hakuna mto. Waebrania 5:7 inasema kwamba katika siku za mwili wake alitoa maombi na dua "pamoja na kulia sana na machozi". Swali walilomuuliza ndani ya mashua lilijibiwa pale chini, kwa machozi ya mtu, na wao hawakulisikia jibu kwa sababu ya usingizi.

Wiki hii tusome Marko 13 na 14 kwa mkupuo mmoja, tukiweza kwa sauti, nyumbani, na watoto wakiwapo. Wakiuliza, tuwaache waulize.

Bwana Yesu, uliyechoka ukalala, uliyelia ukasikilizwa, tunakuja kwako kama tulivyo. Amina.