Kuishi kwenye 0.0 ya EVE Online na umeme wa Lubumbashi

Kwenye kartie yetu, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, vijana wengi wanacheza mupira ama gemu za bunduki za kwenye telefone, mwenye EVE Online, gemu ya meli za angani, njo mimi peke yangu, na kila mutu mwenye kunikuta mbele ya masini ananiuliza swali lile lile: yaya, unawezaje kucheza gemu ya server moja ya dunia nzima na hii koneksyo ya kununua forfe kila asubuhi, na umeme wenye kuondoka bila kuaga?

Koneksyo si shida, watu hawaamini lakini njo vile. Server ya EVE (inaitwa Tranquility, iko London) inahesabu mambo mara moja kwa sekunde. Ping yangu (muda wa amri kwenda server na kurudi) ikipanda hadi milisekunde mia tatu, mimi na kijana wa Uingereza mwenye faiba tunaingia kwenye sekunde ile ile, amri zetu zinasomwa pamoja. Kwenye gemu ya bunduki ping kama hiyo ungekuwa umekufa kabla ya kumuona adui. Tena data inakula kidogo sana, ukishamaliza kudaunlodi ile mizigo ya mwanzo, yenye mimi niliifanya usiku wa manane kwa forfe ya usiku, basi kucheza kwenyewe ni bei nafuu kuliko kuangalia video.

Shida ni umeme. Na kwenye EVE umeme kukatika si kwamba unarudi baadaye unaendelea pale uliacha, hapana, meli yako inabaki kule nje, na meli ikilipuka imelipuka, hakuna kurudisha.

Kwa wenye hawajui: gemu ni ya CCP Games ya Reykjavik, Iceland, ilitoka Mei 2003, na tangu Novemba 2016 unaweza kucheza bure kwa akaunti yenye inaitwa Alpha. Ramani yake, New Eden, iko na mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, kila mfumo na namba yake ya usalama. Kuanzia 0.5 kupanda kuna CONCORD, polisi wa kompyuta, wenye hawakuokoi kwa kweli, wanakuja tu kumulipua mwenye amekulipua. Kutoka 0.4 hadi 0.1 zinabaki bunduki za kwenye mageti (milango ya kuvuka mfumo mmoja hadi mwingine) na stesheni. Kuanzia 0.0 kushuka hakuna kitu. Mutu anakukuta, anakuua, anachukua mizigo, anaenda zake. Tena kule kunaruhusiwa mapovu, yaani mutu anaweka duara kubwa mbele ya geti na kila meli yenye kutua mule ndani haiwezi kuruka tena na wapu (ule mwendo wa kasi sana wa kwenda mbali) mpaka itoke kwa mwendo wa kawaida, polepole, huku wanamupiga.

Basi nani anakaa kule? Wachezaji wenyewe. Wanajiunga kampuni, kampuni zinajiunga muungano, muungano unajenga ngome zake na kusema hii mifumo ni yetu. Wanakusanya kodi, wanapanga nani achimbe kwenye mwezi gani wa angani, wanafanya mikataba na majirani. Watu wakisikia "hakuna sheria" wanafikiri ni fujo, kumbe mimi sijaona mahali kwenye makaratasi mengi kama kule. Ile vita kubwa ya B-R5RB ya Januari 2014, Titan 75, meli kubwa kuliko zote, zikalipuka, mali yenye magazeti yalihesabu kama dola 300,000 za kweli, unajua ilianza vipi? Bili ya kumiliki mfumo haikulipwa kwa wakati. Mfumo ukabaki bila mwenyewe, adui akaona, wakaja watu maelfu, wakapigana karibu saa 21 na server imepunguza mwendo wa wakati hadi asilimia 10 ili ibebe mzigo. Bili tu.

Kuingia kwenyewe kulikuwa kugumu kuliko mtihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari. Nilitafuta kampuni yenye kuongea Kifaransa, na kabla ya kunikubali walitaka ruhusa ya kusoma akaunti yangu yote: barua za ndani ya gemu, nani amenitumia pesa, nimewahi kukaa kampuni gani. Niliona ni madharau kwanza. Halafu mukubwa mmoja wa kule akanielezea habari ya 2009, muungano mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, Band of Brothers, ulivunjwa na mutu mmoja wa ndani mwenye cheo, alihamia upande wa adui wao, Goonswarm, akabonyeza vitufe vichache na muungano ukafutika. Hakuna bunduki ilipigwa. Nikaelewa, nikatoa ruhusa.

Sasa umeme. Kwetu delestaji haina ratiba ya kuaminika, kuna juma yenye tunapata usiku tu, kuna juma yenye ni asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kazi yoyote kule 0.0 nilikaa nikasoma vizuri gemu inafanya nini mutu akikatika. Hii njo sehemu yenye naona wachezaji wa kwetu wanairuka, na bila hii hutadumu.

Ukikatika na hakuna mwenye amekukamata, meli yako inajirusha yenyewe kwa wapu, kama kilomita milioni moja kutoka pale ulikuwa, na kama hukuwa unapigana inapotea baada ya dakika moja. Dakika moja inavumilika, adui hana muda wa kukutafuta. Lakini ukiwa ulikuwa unapiga maharamia wa kompyuta kwa kutafuta pesa, kazi yenye karibu kila mutu anafanya kule, meli inabaki angani dakika tano. Ukiwa umepigana na mchezaji mwenzako, dakika kumi na tano, na wakiendelea kukupiga haziishi. Na ukiwa ndani ya povu ama umekamatwa na kifaa cha kuzuia wapu, huruki, unabaki pale pale kama ulivyo.

Dakika tano ni nyingi. Mutu mwenye kuwinda anatupa droni zake za kutafuta, anakupata, anatua juu yako, na wewe uko gizani komini ya Kenya unatafuta mushumaa.

Kwa hiyo ile kazi ya kupiga maharamia na meli ya bei, yenye wote walikuwa wananishauri, nikaiacha. Nilianza na Venture, ki-meli kidogo cha kuchimba, bei yake ni takataka na kiko na nguvu ya ziada ya kukwepa vifaa vya kuzuia wapu, nikachimba nikauza kwa kampuni. Kampuni iko na utaratibu wake wa kununua madini pale pale kwenye ngome, kwa bei ya chini ya ile ya soko la Jita, wao njo wanapeleka. Mutu wa Katanga hafundishwi hii: ni negosia na mizani yake pembeni ya karière, anakupunja kidogo lakini anakulipa leo na barabara ni juu yake. Wazungu kwenye kampuni walikuwa wanalalamikia bei, mimi nikauza kila kitu bila neno.

Kutoka pale nikapata kazi yangu ya kweli, jicho. Yaani kukaa kwenye mfumo wa mpaka na meli ndogo yenye kujificha, isiyoonekana kabisa ukiiwasha kificho, na kuangalia nani anaingia. Ukitazama hesabu ya umeme utaona kwa nini inanifaa: sipigi mutu, sipigi maharamia, kwa hiyo umeme ukienda meli inajirusha, dakika moja, imepotea. Batiri ya masini yangu inabeba kama saa na nusu, koneksyo inatoka kwenye telefone, na telefone iko na powerbank, kwa hiyo hata umeme ukienda mara nyingi wale wenzangu hawajui kama niko gizani.

Niwaonyeshe kazi yenyewe ikoje. Kule 0.0 kuna orodha inaitwa lokali, inaonyesha jina la kila mutu mwenye yuko ndani ya mfumo, hata kama amejificha. Wa kwetu wana alama ya bluu, adui mwekundu, mwenye hatumujui hana rangi. Mfumo wangu uko kimya, niko peke yangu kwenye orodha, nakunywa chai. Ghafla jina moja bila rangi. Sina muda wa kufikiri, naandika kwenye chaneli ya muungano jina la mfumo na jina la mutu, hivyo tu, kabla sijajua ana meli gani. Halafu nabonyeza V, ile skani ya karibu, inafika umbali wa AU 14.3 (AU moja ni kama toka dunia hadi jua), natafuta meli yake. Nikiona ni meli ndogo ya mbio naongeza neno moja. Nikiona droni za kutafuta zimeonekana kwenye skani naandika kwa herufi kubwa. Na huko nyuma, mageti matatu manne kutoka hapa, watu wanne wenye walikuwa wanapiga maharamia na meli za mamilioni wanakimbilia ngome na kufunga mulango, na mimi siwaoni hata mmoja, naona tu kwenye chaneli mutu ameandika "merci Lushois".

Njo jina langu kule, Lushois, yaani mutu wa Lubumbashi. Hakuna mwenye anajua lingine.

Maman alinikuta siku moja nimekaa vile, macho kwenye orodha tupu, muda mrefu.

"Sasa pale unangojea nini?"

"Nalinda mulango, Maman."

"Wa nani?"

Nikamuambia wa watu wa Ufaransa, Ubelgiji, na mmoja wa Quebec.

"Na wao banakulinda wewe na nini?"

Swali zuri kabisa, na jibu liko: muungano unarudisha meli yenye umepoteza kwenye kazi yake. Mimi meli zangu zote za kulinda nimelipiwa, hata ile yenye ililipuka siku kifaa kimoja cha kufichua wenye kujificha, Mobile Observatory, kilipowekwa mfumoni kwangu na wawindaji wakanikuta wazi. Nilijaza fomu, siku mbili meli mpya. Maman alisema hiyo ni kazi nzuri kuliko ya mujomba wangu, mwenye kampuni yake ya ulinzi haijamulipa tangu sikukuu.

Saa nazo zilinisaidia. Server inazimwa kila siku saa 11:00 ya UTC, kwetu ni saa saba mchana. Asubuhi yetu yote kabla ya hapo Ulaya wako kazini na Marekani wamelala, wawindaji ni wachache, njo wakati wangu wa kuhamisha vitu vyangu na kuchimba. Mapigano makubwa yako usiku, kuanzia saa tatu, nne ya kwetu, pale Ulaya wamerudi nyumbani. Umeme ukiwepo naingia flita, kundi la meli za vita, na meli ya bei ndogo, umeme usipokuwepo namuandikia shefu kwa telefone mapema kabisa, "Shefu, leo hakuna moto huku," na yeye anajua kwamba asinihesabu. Hilo la kusema mapema waliliheshimu kuliko ujuzi wowote, juu kule mutu mwenye kupotea katikati ya mapigano bila neno wanaanza kumufikiria ni mpelelezi.

Mwaka 2019, kuanzia Julai hadi Septemba, CCP waliondoa ile lokali kule 0.0, ukiingia mfumo jina lako halionekani mpaka uongee. Watu wengi waliacha kucheza miezi ile, na mimi ningewaelewa, lakini kusema ukweli kwa jicho kama mimi ilikuwa miezi ya kuheshimiwa, juu orodha haikusaidii tena, ni mutu mwenye amekaa karibu na geti na kuangalia kwa macho. Nilifanya zamu nyingi sana wakati ule. Nilichoka pia.

Halafu tulipoteza eneo. Si vita ya kuelezea watoto, majirani waliungana, wakaja na watu mara tatu yetu, wakaanza kubomoa ngome moja moja kila usiku kwa saa zenye wao wamechagua. Vitu vyako vikiwa ndani ya ngome yenye imelipuka havipotei vyote, gemu inavipeleka stesheni ya nje baada ya siku 20 na unalipia asilimia 15 ya thamani. Wenzangu wenye mali nyingi walilia. Mimi nilikuwa na Venture, meli za kujificha na madini kidogo, nikahamisha asubuhi moja wakati adui amelala, mara tatu kwenda na kurudi, na umeme ulikuwepo, ajabu.

Sasa tuko upande mwingine wa ramani, majirani wabaya kuliko wa kwanza, na kampuni imepandisha kodi hata kwa sisi wenye kukaa mipakani bila kuingiza pesa. Nilimulalamikia shefu kwamba jicho asilipe kama mchimbaji. Ameniambia niko na haki, nilete ombi kwa maandishi, litasomwa kwenye mukutano wa wakurugenzi.