Kuvua rangi kwenye chuma cha bunduki kongwe bila kukiumiza

Lee-Enfield, bunduki za zamani za jeshi la Uingereza, nyingi zinazoonekana leo zikiwa nyeusi ti hazikuanza maisha hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilizifanyia matengenezo makubwa: chuma kikawekwa fosfeti, yaani tabaka la kijivu la kukinga kutu, kisha juu yake rangi nyeusi ya kuokwa, ile ambayo wakusanyaji huiita Suncorite. Karakana ya Ishapore, India, nayo ilipaka nyeusi yake. Baadaye wakaja watu na makopo ya kupuliza. Kwa hiyo kabla ya kufungua dawa yoyote, jua kwanza unavua rangi ya nani.

Kipimo chake ni rahisi. Hakikisha bunduki haina risasi, kwenye magazini na kwenye chemba, kwa jicho na kwa kidole. Toa bolti, vua ubao, halafu bana pamba yenye asetoni kwa dakika moja chini ya mtutu, mahali ambapo ubao utapafunika. Pamba ikitoka nyeusi, hiyo ni rangi ya kopo na itatoka bila ubishi. Ikibaki safi, huenda una rangi ya kuokwa. Tazama pia ubavu wa risiva, yaani kiwiliwili cha chuma kinachobeba mtutu na bolti: ukikuta herufi FTR (Factory Thorough Repair), ilipita kwenye yale matengenezo ya jeshi. Rangi ya namna hiyo ikiwa bado imeshika sehemu kubwa, ushauri wangu ni kuiacha. Mkwaruzo wa hapa na pale huzibwa kwa brashi ndogo, ila ukishaifuta yote hairudi.

Kwenye kuvua ubao, Lee-Enfield ya toleo la No. 1 Mk III ina mtego wake: ondoa ubao wa mbele kabla ya kuzungusha skrubu ndefu ya kitako. Ncha ya skrubu hiyo ni ya pembe nne na imeshikwa na kibati nyuma ya ubao wa mbele, kwa hiyo ukianza na kitako unaupasua. Kichwa cha bolti na bolti yake visichanganywe na vya bunduki nyingine, kwa sababu huo ndio usalama wa chemba. Mtutu usiufungue kutoka kwenye risiva. Kwa kazi ya rangi hakuna haja.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ya madini au kromati, kwa hiyo usizipige msasa zikiwa kavu. Tumia dawa nzito ya kuondoa rangi, ile ya jeli. Ziba mtutu pande zote mbili kwa vizibo vya mpira, pakaa jeli unene wa milimita mbili au tatu, funga kwa plastiki nyembamba isikauke, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Rangi ya kopo huvimba mapema. Ya kuokwa hudai kurudiwa mara mbili, tatu, na hapo ndipo wengi huishiwa subira na kuchukua brashi ya waya kwenye drili. Drili inang'arisha chuma, inakula kingo za maandishi na kuondoa fosfeti ambayo ingekuwa msingi bora wa rangi mpya. Tumia brashi ya nailoni. Ya shaba huacha michirizi ya manjano juu ya fosfeti. Ndani ya namba na mihuri, chokoa kwa kijiti cha mti kilichochongwa. Namba ya bunduki isiguswe na msasa hata kidogo: pamoja na thamani, namba iliyofutwa ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Magadi makali ya kufungulia mabomba hutoa rangi ya mafuta, lakini ya kuokwa huyadharau, tena hula alumini. Na ukisuuza kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, acha ikauke kabisa kabla ya kupasha chuma moto, maana mvuke wake kwenye joto kali hugeuka fosjini, gesi ya sumu inayoua.

Chuma kikiwa safi, una njia mbili. Fosfeti ikiwa nzima, yaani kijivu kisichong'aa kila mahali, paka rangi ya kuokwa moja kwa moja juu yake. Ondoa mafuta kwa asetoni, vaa glovu, pasha chuma hadi kiwe vuguvugu, kisha puliza matabaka mepesi. Ziba njia za bolti, chemba, nyuzi zote na nyuso zinazogusana za kifyatulio. Rangi kidogo tu pale hubadilisha jinsi kinavyoachia. Oka kwa joto na muda wa kwenye kopo, na oveni hiyo isipike chakula tena.

Kama chuma ni kitupu, weusi wa kutu, yaani kukipa chuma kutu kwa makusudi na kuligeuza jeusi kwa kuchemsha, hupendeza zaidi, ingawa ni kazi ya siku kadhaa. Sugua kwa msasa hadi namba 320 au 400, usiende juu zaidi, kwa kuwa uso laini kupita kiasi haushiki. Pakaa dawa ya kuleta kutu kwa pamba iliyokamuliwa, mpigo mmoja, usirudie ulipopita. Acha kwenye unyevu saa kadhaa hadi kutu jekundu laini lifunike, chemsha dakika 15 hadi 20 kwenye maji yaliyokenekwa, nalo litageuka jeusi. Maji ya bomba huacha madoa ya chumvi. Sugua vumbi jeusi kwa sufu laini ya chuma, namba 0000, iliyooshwa kwa asetoni, maana kiwandani hutiwa mafuta. Mafuta hayo ndiyo huleta mabaka ambayo watu huilaumu dawa. Rudia mara tano hadi nane.

Dawa ya weusi wa baridi, ile inayopakwa bila kuchemsha, ni ya kuficha mikwaruzo tu. Kwenye mtutu mzima huchakaa haraka na hutoa harufu isiyokwisha.

Mwisho, tumbukiza vipande ulivyovitia weusi wa kutu kwenye maji ya magadi ya kuokea, suuza, kausha, paka mafuta usiku kucha. Usirudishe ubao mara moja. Subiri wiki moja, halafu kagua chini ya mtutu na mashimo ya skrubu: kutu likichungulia tena, litakuwa limeanzia hapo, ambako dawa ilijificha.