Siku Moja Kirinyaga Road: Namba za Ubavuni mwa Tairi

Saa moja kasoro robo asubuhi. Nafungua duka langu la matairi hapa Kirinyaga Road, Nairobi, natoa matairi nje na kuyapanga kwa rimu: 13, 14, 15, 16, 17. Kijana wangu wa kazi anawasha kompresa na kuweka jeki tayari. Chai na mandazi tunakunywa wima.

Saa mbili simu inalia. Ni mwenye matatu, Hiace ya watu 14. "195 rimu 15, nne, ni pesa ngapi?" Nina matairi ya aina mbili yanayoitikia maelezo hayo. La kwanza ni 195/65R15 91H, la gari dogo la familia. La pili ni 195R15C, limeandikwa 106/104, la gari la biashara. Namba 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615. 106 ni kilo 950. Tena ukiyasimamisha sambamba, la kwanza ni fupi kwa zaidi ya sentimita 5. Namwambia, "Mzee, piga picha ubavu wa tairi na kile kibandiko cha saizi ya matairi kwenye mlango wa dereva, unitumie." Picha zinaingia: 195R15C, zote mbili. Nampa bei ya hilo peke yake. Tairi la gari dogo kwenye matatu silifungi, hata nilipwe mara mbili. Pale ndani kuna watu.

Kibandiko hicho nakiamini kuliko tairi lililo kwenye gari. Gari likishapita mikono mitatu minne, huenda kila mwenyewe alifunga alichopata. Magari mengi yetu yanatoka Japani na maandishi ni ya kwao, lakini tarakimu zinasomeka. Upepo umeandikwa kwa kPa: ukiona 230, jaza psi 33.

Saa nne na nusu anaingia mama mwenye Toyota Wish. Anakaa upande wa Kamulu, na njia ya kuingia kwake ni mashimo matupu. Jirani amemshauri aache 195/65R15 afunge 205/65R15 ili gari liinuke. Nachukua chaki, namwandikia sakafuni. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia ya upana huo, ndicho kimo cha ubavu: karibu milimita 127. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, halafu ongeza rimu ya inchi 15, yaani milimita 381. Jumla 634 na nusu. Lile la 205 linafika 647 na nusu.

"Kumbe linainuka milimita 13!" anasema.

"Hapana, mama. Nusu inaenda juu ya ekseli. Gari linainuka milimita sita na nusu, unene wa penseli."

Na ile penseli ina gharama yake: spidomita ikisoma 100, gari liko 102, na ukikata usukani hadi mwisho ukiwa umepakia watu, tairi linasogelea madigadi. Ananiuliza kuhusu rimu 16. Namwambia 205/55R16 ina kipenyo cha 632, hesabu inakubali, ila ubavu wake ni mfupi na rimu itaumia kwenye mashimo yale. Anafunga 195/65R15. Nimefurahi.

Saa saba, githeri.

Saa nane, Forester. Matairi mawili ya mbele yamekwisha, mwenyewe anataka mawili tu. Napima ya nyuma: yamebaki milimita 3 za kashata, zile nundu zinazokanyaga barabara, na mapya yana 8. Saizi iliyoandikwa ni ileile, lakini vipenyo vimeachana milimita 10. Gari linalovuta magurudumu yote manne halivumilii hilo. Mafupi yanazunguka zaidi na difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, haipumziki. Difu ni ghali kuliko matairi manne. Anaondoka akatafute pesa za yote. Afadhali nikose mauzo leo.

Saa kumi kijana mmoja analeta tairi la bei rahisi alilonunua kwingine, anataka nimfungie. Saizi ni sawa kabisa. Natafuta tarakimu nne baada ya herufi DOT: 2314. Lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2014. Namwonyesha nyufa ubavuni, naye analirudisha alikolitoa.

Saa kumi na mbili jioni tunaingiza matairi ndani. Naandika ya kuagiza Industrial Area kesho: 195R15C nne za matatu, na 185/65R15, zimebaki mbili tu.