Kisogo cha Mwanangu

Mwanangu wa miaka 9 aliteleza ngazini hapa kwetu Kibokoni akagonga kisogo. Hakuzimia, na daktari aliagiza apumzike siku 2 kisha arejee shughulini polepole, lakini hata wiki ya 5 alikuwa bado akiketi barazani amefunika macho kwa kiganja, na sura alizozihifadhi kwa ghibu chuoni zikimponyoka katikati ya aya.

Ndipo nikasoma kuhusu kusisimua ubongo kwa sumaku, ambapo koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya kichwa na mipigo yake ya sumaku huamsha seli za neva pasipo kupasua ngozi. Marekani iliidhinisha kifaa cha aina hiyo mwaka 2008 kwa watu wazima wenye sonona. Kwa watoto waliogonga kichwa, jambo hili lingali utafiti. Natamani mno utafiti huo uwafikie watoto wa Pwani.