Doti ni yadi ngapi?

Muuza khanga akikuambia doti, anamaanisha vipande viwili vya mchoro mmoja na jina moja, bado havijatenganishwa. Mfanyabiashara wa Unguja wa karne ya 19 alipotaja doti alikuwa akitaja urefu.

Asili ya neno ni dhoti ya Kihindi, nguo ambayo wanaume huifunga kiunoni. Jina la vazi likageuka kipimo. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama nusu yadi. Mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti, yaani mikono 8 au yadi 4. Jora la yadi 30 hutoa doti 7 na kubaki shuka moja. Korija ni 20 ya chochote, kwa hiyo korija ya majora na korija ya doti hazikaribiani hata kidogo. Ugomvi ulianzia kwenye mkono wenyewe: mikono 8 ya mtu mfupi haifiki mikono 8 ya mtu mrefu.

Kilichopimwa sana kwa doti ni merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts. Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba hiyo. Nguo za Uingereza na India zikashika nafasi, na jina halikubadilika. Merikani isiyotoka Marekani! Misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi za watawala wa njiani, kwa doti, ndiyo maana neno lilifika bara kwa watu wasiojua dhoti ni nini.

Khanga moja ina urefu wa kama mita 1.5, hivyo doti yake ni kama mita 3, pungufu ya ile ya zamani. Kuitenganisha, kata katikati ya pindo mbili zinazokutana, ukifuata uzi wa kitambaa. Mkasi ukienda upogo, kipande kimoja kinabaki na pindo nyembamba na hakipindiki vizuri.

Kwa kitenge, usikubali neno doti peke yake. Uliza yadi, kisha uhakikishe hupimiwi yadi huku ukitozwa kwa hesabu ya mita: yadi 4 ni mita 3.66, na sentimita 34 zinazokosekana hadi mita 4 zinaweza kuwa mikono ya gauni.